Buti, na Mengine Manne

Huguette Maltais alikuwa anashona jina kwenye chupi ya saba mwenye chupi alipoingia jikoni. Zile sita zilishapangwa mezani safu moja, karibu na sahani ya siagi, na kila moja ilikuwa na HERVÉ MALTAIS kwa uzi mwekundu kwenye mkanda wa kiunoni.

"Hizi nini?" akauliza Hervé.

"Chupi zako."

"Najua ni zangu. Nimezivaa miaka yote hii bila kuandikiwa."

"Huko makazi ya wazee wanafua za wote pamoja," Huguette alisema, akakata uzi kwa meno. "Bila jina utarudishiwa ya mtu mwingine. Au unataka kuvaa ya mzee Lucien Fradette?"

Hervé akataja tabenakulo. Akaongeza kikombe cha misa, hostia na mshumaa wa Pasaka, maana sisi watu wa kijiji cha Sainte-Blandine tukikasirika hatumtukani mama ya mtu, tunaingia sakristia na kutoa kitu kimoja kimoja. Huguette alimwacha amalize vyombo vyote, kisha akatunga tena uzi kwenye sindano.

"Nani kasema mimi ndiye nitakayekwenda?"

"Jumatano daktari atasema."

"Basi hajasema."

"Hervé mdogo wangu, hebu nitajie yale maneno matano."

"Maneno gani?"

"Haya," Huguette akasema, "lete na soksi."

Alikuwa na haki ya kumwita mdogo wangu, ingawa walizaliwa siku moja, tumbo moja, kwenye chumba kilicho juu ya jiko hilo hilo. Huguette ndiye kulwa, alimtangulia mwenzake kwa dakika ishirini, na kwa miaka sabini na mitatu hajawahi kumruhusu azisahau dakika hizo. Hervé naye alikuwa na jibu lake moja, kwamba mwenzake alikuwa amemzibia njia. Huguette aliolewa, akafiwa, akarudi nyumbani. Hervé hakuoa wala hakuondoka. Sasa waliishi wawili tu ndani ya nyumba ile kubwa ya marehemu baba yao, na jiko lao la kuni, na kiti kimoja cha kubembea ambacho wote wawili walikitaka.

Kwenye mlango wa friji, chini ya sumaku yenye umbo la tunda la bluberi, kulikuwa na karatasi. Iliandikwa Novemba, siku ile sufuria ilipoungua mpaka kitako kikatoboka na kila mmoja akaapa kwamba si yeye aliyeiacha motoni. Mpwa wao Solange, binti wa dada yao marehemu, alikuja kutoka mji wa Alma, akakuta moshi, akasema yamemfika hapa. Mmoja wenu anaanza kupotea, alisema, na mwingine ni mzee mno kumlinda. Huguette ndiye aliyedai karatasi. Yule ambaye matokeo ya vipimo vya hospitali vya Machi yataonyesha ubongo wake unachakaa, ataingia makazi ya wazee ya Alma barafu ya ziwani itakapovunjika. Mwingine atabaki nyumbani, na Solange ataacha kulalamika. Wote watatu walitia saini. Saini ya Huguette ilichukua nusu ya ukurasa, maana alikuwa na uhakika ni nani anayesainiwa.

Kila mtu kijijini alikuwa na uhakika huo. Ungemtuma Hervé dukani akanunue maziwa, angerudi na msumari. Ungemwambia shangazi yako amefariki, wiki ijayo angekuuliza shangazi hajambo. Na kwa ajili yake, tangu Krismasi, Huguette alikuwa amebandika vikaratasi nyumba nzima: VIKOMBE, SUKARI, CHUMVI, ZIMA JIKO, CHOO NI MLANGO WA PILI. Ajabu ni kwamba Hervé hakuwahi kusoma hata kimoja. Alipita mbele yavyo miezi mitatu mizima akidhani ni mapambo ya sikukuu ambayo hayajaondolewa.

*

Jumatano asubuhi walipanda pikapu kwenda mjini. Hervé aliendesha, Huguette akaamrisha.

"Pale kwenye kiwanda cha jibini, kata kushoto."

"Kiwanda kipi? Kilivunjwa zamani."

Huguette alitazama dirishani kidogo. "Najua kilivunjwa. Nilikuwa nakupima."

"Nimefaulu?"

"Umeropoka tu."

Huu ulikuwa mwaka wa tano wa utafiti. Watafiti wanatupenda sana sisi wa ziwa hili, kwa sababu babu zetu walikuja wachache, wakakaa, wakaoana wenyewe kwa wenyewe, na paroko akaandika kila ubatizo. Mtu akitaka kujua jeni fulani ilipitia wapi, sisi tunazo karatasi. Na mapacha hawa ndio waliopendwa kuliko wote. Mama yao alimaliza siku zake akimwita jogoo Baba Askofu na kumwomba baraka kabla ya kumlisha, na damu ilipopimwa ilionekana kila mmoja wao amerithi nakala moja ya ile jeni wanayoiita ya nne, ile inayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Jeni moja, umri mmoja, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume. Siku walipojiandikisha, muuguzi alipiga makofi.

Katika maelezo yote ya siku ile ya kwanza, Hervé alishika jambo moja tu: kwamba jeni hiyo, kwa jumla, huwaelemea wanawake kuliko wanaume. Alilitumia kila alipobanwa.

"Ugonjwa huu unapenda wanawake," alisema sasa, akikata kushoto. "Mimi wanawake wenyewe hawakunitaka, itakuwa ugonjwa wao?"

"Ungekuwa na akili ya kuugua ningekuwa na wasiwasi."

Hospitalini waliwatenganisha, kama kawaida. Kila mmoja alisomewa maneno matano: buti, ngazi, peasi, ngoma, mto. Wakazungumzishwa mambo mengine dakika kumi, wakaulizwa tena. Huguette aliyataja mbele, akayataja nyuma, kisha akayataja ya mwaka jana na ya mwaka juzi bila kuombwa. Hervé alikuna kidevu kwa muda mrefu.

"Buti," alisema hatimaye. Akafikiri zaidi. "Na mengine manne."

Kisha kila mmoja akajaza fomu kuhusu mwenzake, maana utafiti unataka mtu wa karibu aseme kama mhusika amebadilika. Huguette aliomba karatasi za ziada, akaongezewa nne, akaomba na ya tano. Hervé alijibu kwa ufupi. Je, ndugu yako husahau mambo yaliyopita? *Hapana. Bado ananilaumu kwa kuku wa mwaka 1961.* Je, hurudia swali lile lile? *Ndiyo, kwa sababu sijibu.* Je, amebadilika mwaka huu? Hapo Hervé alishika kalamu hewani. Mwishowe akaandika: *Amekuwa akinibandikia vikaratasi.*

*

Daktari Mireille Ouellet alikuwa binti wa mji wa Roberval aliyesoma mbali mpaka lafudhi yetu ikamtoka, ila ilimrudia akicheka. Siku hiyo hakucheka. Walikuwa wamesaini miaka mitano nyuma kwamba wangependa kuambiwa matokeo yao, na wangependa kuambiwa pamoja, kwa hiyo aliwakalisha bega kwa bega mbele ya kioo cha kompyuta. Akawauliza tena kama bado wanataka.

"Tunataka," alisema Huguette. "Sema tu, dokta. Nimeshamfungia sanduku."

"Kwanza niwaeleze mnachokiona," daktari akasema. "Hapa, ndani kabisa, kuna kisehemu kidogo kinachopokea mambo mapya na kuyaweka. Kipo kimoja kila upande. Umbo lake watu walilifananisha na farasi wa baharini."

"Mimi nina farasi?" Hervé akashtuka.

"Unao wawili."

"Baba alikuwa naye mmoja tu!"

"Nyamaza, Hervé."

"Kila mtu akizeeka vinapungua kidogo," daktari aliendelea. "Tumewapiga picha kila mwaka, tumelinganisha. Hivi ni vya Bwana Maltais. Vimepungua kidogo, kama tunavyotarajia kwa umri wake. Kwa kweli ni vizuri sana." Akabonyeza, picha nyingine ikaja. "Hivi ni vya Bi. Huguette. Vimepungua zaidi, hasa miaka hii miwili ya mwisho. Na ile picha nyingine, ile ya kuchomwa dawa mshipani, inaonyesha protini imeanza kujikusanya mahali ambapo tusingependa kuiona."

Hervé alikuwa amenyanyua mikono juu kama mtu aliyefunga goli. Ilibaki juu. Aliangalia kioo, akamwangalia dada yake, akaishusha polepole akaikalia.

"Umechanganya picha," Huguette alisema.

"Hapana, Bi. Huguette."

"Soma jina. Soma hapo chini." Daktari alisoma. "Basi muuguzi ndiye aliyechanganya. Dokta, mwanangu, nisikilize. Buti, ngazi, peasi, ngoma, mto. Mto, ngoma, peasi, ngazi, buti. Huyu hapa hata jina la mbwa wetu wa mwisho halijui."

"Alikuwa na jina?" Hervé akauliza.

"Unaona!"

Daktari Ouellet alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana. "Wanawake wengi wana akiba kubwa ya maneno," alisema. "Kuyashika, kuyapanga, kuyarudia. Wewe akiba yako ni kubwa kuliko ya watu wengi niliowahi kuwapima. Ni jambo zuri, inakubeba. Lakini inatuficha pia. Ubongo unaanza kubadilika, na mtihani wa maneno unaendelea kusema hakuna kitu. Ndiyo maana tunapiga picha."

"Kwa hiyo ni uanamke wangu."

"Sijui. Jeni mnayo wote wawili, umri ni ule ule. Tukiangalia maelfu ya watu, wanawake wenye jeni hii huwa katika hatari kubwa zaidi kuliko wanaume, hasa katika miaka fulani ya utu uzima. Lakini mapacha wawili hawathibitishi chochote."

"Mama angezaa wa tatu," alisema Hervé, "ila alishachoka."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Daktari aliendelea kueleza kwamba hii si hukumu, kwamba mabadiliko ya picha si sawa na kuugua, kwamba watu wengine hukaa miaka mingi hivyo, kwamba kuna mambo ya kufanya na mengine ya kuangalia. Alimpa Huguette karatasi. Huguette aliikunja mara nne, akaitia kwenye mkono wa sweta.

"Dokta," Hervé akasema. "Na mimi? Kichwa kizima kabisa?"

"Kabisa."

"Sasa mbona sikumbuki kitu?"

Daktari alisita, akazichukua zile karatasi tano za ziada za Huguette, akazipitishia macho. "Bwana Maltais, mimi nikikusomea yale maneno matano, wewe unakuwa unafanya nini?"

Hervé aliona aibu kidogo. "Nafikiria kibanda changu cha kuvulia samaki pale kwenye barafu. Kama nilifunga mlango."

"Ndiyo hivyo basi. Si kwamba unasahau. Kwako huwa hayaingii."

Huguette aligeuka kwenye kiti mzima mzima. Shingo ilikuwa imemwiva.

"Miaka sabini na mitatu!" alisema. "Miaka sabini na mitatu namwonea huruma mtu huyu! Nimemwombea novena! Nimemwashia mishumaa! Kumbe alikuwa hanisikilizi tu!"

*

Njia nzima ya kurudi Huguette hakuamrisha kitu. Hervé alikosa kona mbili, na hakuna aliyemtukana, jambo ambalo lilimtisha kuliko ile picha. Theluji ya Machi ilikuwa imechafuka kando ya barabara. Walipoupita uwanja mtupu ambapo zamani kulikuwa na kiwanda cha jibini, Huguette alifungua mdomo.

"Tunarudi lini kwake?"

"Aprili kumi na nne, saa nne na nusu asubuhi, ghorofa ya tatu si ya pili," Hervé alisema. "Wewe usile kitu, mimi nije na orodha ya dawa zako zote pamoja na zile za mitishamba unazomficha. Kutembea nusu saa kila siku. Masikio yapimwe, kwa sababu asiyesikia vizuri ubongo unafanya kazi mara mbili. Ukiwa na swali upige simu, umwite Maryse, ila siyo Ijumaa."

Huguette aligeuka kumtazama.

"Umesikiliza," Huguette alisema, kama anayemshtaki kwa wizi.

"Imetokea tu."

"Mimi baada ya ule uanamke sikusikia tena. Nilikuwa naangalia midomo yake." Alitoa karatasi kwenye mkono wa sweta, akairudisha bila kuikunjua. "Hervé. Ile supu ya Januari."

"Ipi?"

"Ya maharage. Iliyotiwa chumvi mara mbili. Nilisema ni wewe."

"Si mimi?"

"Wewe hujawahi kukaribia sufuria tangu tuzaliwe, mjinga wewe. Ungetia chumvi saa ngapi?"

Hervé alifikiri. "Nilikula bakuli mbili," alisema. "Kwa kujiadhibu."

Huguette akacheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akashika dashibodi kwa mikono miwili. "Naogopa," alisema. "Mama alikuwa anamwita jogoo Baba Askofu, na sisi tulikuwa tunacheka nyuma ya mlango. Naogopa sana, Hervé."

"Hata mimi naogopa."

"Lakini saini ni saini. Mimi ndiye niliyedai ile karatasi. Barafu ikivunjika nitakwenda, na chupi zangu nitazishona mwenyewe."

Hervé alijaribu tabenakulo, kwa sauti ndogo, lakini haikusaidia.

*

Jumapili baada ya misa Solange alikuwa anakuja kula. Tangu asubuhi Huguette alikuwa juu ya stuli akibandua vikaratasi. ZIMA JIKO kilikuwa kimeshatoka, na SABUNI, na CHOO.

"Shuka hapo, utaanguka."

"Sitaki Solange avione. Sasa atajua vilikuwa vya nani."

"Vilikuwa vyangu," Hervé alisema. "Uliniandikia mimi. Kila mtu anajua. Virudishe."

"Hujawahi kusoma hata kimoja!"

"Nilikuwa sijaanza."

Huguette alimtazama kutoka juu, kikaratasi cha CHOO kimemganda kidoleni. Alikuwa anajua kusoma sura ya ndugu yake kuliko kitabu cha misa. Alishuka, akabandika CHOO palipokuwa, akaenda kuangalia pai ya nyama kwenye oveni, maana hakutaka ndugu yake ayaone macho yake.

Solange aliingia na baridi yake, akavua buti, akabusu mashavu manne. Alikuwa mwanamke wa ofisi ya mji, mwenye sauti ya kuita watu kwa foleni, lakini alikuwa anawapenda hawa wawili kuliko alivyojua kuonyesha. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye friji. Sumaku ya bluberi ilikuwepo. Chini yake hakukuwa na kitu.

"Karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani?" Hervé akauliza, amekalia kiti cha kubembea.

"Mjomba. Tuliyoitia saini."

"Tulitia saini?"

"Wote watatu! Hapa, mezani!"

"Sikumbuki," alisema Hervé. "Ila asubuhi moto ulikataa kuwaka, nikachukua kikaratasi fulani. Kilikuwa kikavu kizuri."

Solange alivuta pumzi ndefu. "Sawa. Nitaandika nyingine. Daktari amesema nini? Nani?"

"Sote tuna jeni," Hervé alisema. "Na farasi. Farasi wa mmoja wetu wamesinyaa."

"Wa nani?"

"Sikusikiliza."

Huguette alifunga mlango wa oveni. Alikuwa amenyooka, mikono kwenye aproni, kama siku ile alipokwenda kumpa mkono paroko mpya. Si mtu wa uongo. Ana makosa mengi, lakini hilo hana. "Solange," alianza, "mwanangu, nataka nikuambie..."

"Huguette!" Hervé akapaza sauti. "Vikombe viko wapi?"

"Mjomba, subiri, mama mdogo anaongea."

"Mimi nataka chai. Vikombe viko wapi?"

"Mjomba, tafadhali. Angalau miadi ijayo ni lini? Hilo nalo hukusikiliza?"

"Aprili kumi na nne, saa nne na nusu, ghorofa ya tatu," alisema Hervé, "asile kitu, na niende na orodha ya dawa za..."

Akanyamaza, lakini alishachelewa. Kiti cha kubembea kiliendelea peke yake mara mbili tatu, kikasimama. Solange, ambaye tangu utotoni hajawahi kumsikia mjomba wake akishika hata siku yake ya kuzaliwa, alimwangalia. Kisha akamwangalia mama yake mdogo, aliyekuwa ameufuata mstari wa kabati kwa kidole, kikaratasi hadi kikaratasi, akisoma kwa midomo bila sauti: SUKARI. CHUMVI. SAHANI.

Solange aliketi. Akazikunja glavu zake.

"Kesho nitapiga simu Alma," alisema, sauti yake ya ofisi imemwisha. "Nitawaambia kile chumba walichotuwekea wampe mtu mwingine. Kwa sasa. Lakini nitakuja Jumapili na Jumatano, na jiko la kuni hamligusi nikiwa sijaona kengele ya moshi mpya ukutani. Na hiyo Aprili kumi na nne naendesha mimi."

"Mbona unalia?" Hervé akauliza.

"Ni baridi, Mjomba."

"Hapa!" Huguette alisema kwa ushindi, akifungua mlango wa kabati. Kidole chake kilikuwa kimetulia juu ya kikaratasi. "Imeandikwa VIKOMBE, herufi kubwa, kwa wino mweusi. Miaka sabini na mitatu ndani ya nyumba hii na hujui vikombe vilipo! Solange, umemwona? Huyu ndiye wanayesema ana kichwa kizima!"

"Sikuona," Hervé alisema.

"Hukuangalia!"

Alimwekea kikombe mbele yake kwa kishindo, akamimina chai, uso umemkunjuka kama siku zile za kabla ya Jumatano. Hervé akakishika kwa mikono miwili. Alikunywa kidogo, akafikiri, kisha akamuuliza dada yake sukari iko wapi.